Muhammad Ali: Dar ilimpenda, Dar ikamkatalia

NA MWANDISHI WETU, SINGIDA

SHABIKI wa soka hana shida ya kumpenda mchezaji anayefunga. Shida inaanza pale magoti yanapogoma, pale straika aliyekuwa akiimbwa na jukwaa zima la Liti anapobaki kutembea uwanjani na watu bado wanataka apangwe. Wengine hawajali hata kama anachechemea. Achomwe sindano ya maumivu acheze, kwa sababu mechi ni ya Simba au Yanga.

Mwanamichezo aliyepitia hali hiyo kwa ukubwa kuliko wote ni Muhammad Ali, bingwa mara tatu wa dunia wa ngumi za uzito wa juu. Alifariki Juni 3, 2016, akiwa na miaka 74. Katika miaka hiyo 74, zaidi ya 30 aliishi akiwa mgonjwa, mikono ikitetemeka na sauti ikififia, na bado hakuna bondia aliyependwa kama yeye.

Watanzania wana kipande chao kwenye maisha haya. Mwaka 1980 Ali alitua Dar es Salaam akiwa na ombi. Alisikilizwa, kisha akaambiwa hapana. Miezi minane baadaye, kule kwao Marekani, watu waliodai kumpenda walishindwa kumwambia neno hilohilo, na jamaa akalipa kwa mwili wake.

BAISKELI ILIYOIBWA

Alizaliwa Januari 17, 1942 mjini Louisville, jimbo la Kentucky, akapewa jina la baba yake, Cassius Marcellus Clay. Mzee Clay alikuwa mchoraji wa mabango, mama yake Odessa alifanya kazi za ndani kwenye nyumba za Wazungu. Louisville ya wakati huo ilikuwa na shule za weusi na shule za weupe, na kuna migahawa ambayo mtu mweusi hakuruhusiwa kukaa akala.

Ngumi alizianza kwa hasira. Mwaka 1954, akiwa na miaka 12, baiskeli yake mpya iliibwa. Akaenda kushtaki kwa polisi huku analia na kuapa kwamba akimpata mwizi atamchapa. Polisi huyo, Joe Martin, alikuwa pia kocha wa ngumi. Akamshauri ajifunze kwanza kupigana, mambo ya kumchapa mtu yaje baadaye.

Dogo akajifunza. Miaka sita baadaye alikuwa Roma, Italia, amesimama juu ya jukwaa la Olimpiki ya 1960 na medali ya dhahabu shingoni, bingwa wa uzito wa juu mwepesi akiwa na miaka 18.

SIKU ALIYOKATALIWA NA SHUJAA WAKE

Kabla ya kufika Roma, kijana alipita New York na kwenda mtaa wa Harlem kumtafuta Sugar Ray Robinson. Kwa mabondia wa kipindi hicho, Sugar Ray ndiye alikuwa habari ya mjini: kasi, staili, gari la rangi ya waridi. Clay alimsubiri kwa saa nyingi ili amwone tu na kumwambia kwamba naye atakuwa bingwa.

Sugar Ray alipotokea hakuwa na muda naye. Alimsikiliza kidogo, kwa macho ya mtu anayewahi sehemu nyingine, akaondoka zake. Kijana aliumia. Miaka mingi baadaye alikuwa akisimulia kwamba siku ile alijiapiza: akiwa mkubwa, hatamfukuza shabiki anayemfuata.

Ahadi hiyo aliitimiza kuliko nyingine zote alizowahi kuzitoa. Alisaini karatasi hotelini, uwanja wa ndege, barabarani, kwa matajiri na kwa wafagizi. Alipougua, na mkono ukawa unachukua muda mrefu kuandika jina moja, alikuwa akisaini mapema vijitabu vya dini nyumbani na kutembea navyo ili asimrudishe mtu mikono mitupu.

Ila ahadi hiyo ilikuwa na upande wa pili. Mtu asiyejua kumkatalia shabiki ni rahisi kurudishwa ulingoni na shabiki.

MKANDA, JINA NA MAHAKAMA

Februari 25, 1964, pale Miami Beach, Clay alipanda ulingoni na Sonny Liston, bingwa wa dunia aliyekuwa akiogopwa hata akiwa amekaa. Wajuzi wengi walimpa Liston ushindi wa mapema. Dogo wa miaka 22 alimzungusha, akamchosha, na kengele ya raundi ya saba ilipolia Liston alibaki kwenye kiti chake.

Baada ya ushindi huo bingwa mpya alitangaza kwamba ni Mwislamu, na muda mfupi baadaye akaitwa Muhammad Ali. Mwaka huohuo alikuja Afrika kwa mara ya kwanza na kutembelea Ghana, Nigeria na Misri, akapokewa na Kwame Nkrumah na Gamal Abdel Nasser. Bara hili lilikuwa likijipatia uhuru wake nchi baada ya nchi, na huyu hapa alikuwa bingwa wa dunia mweusi anayesema wazi kwamba ni mzuri, ni mkubwa na hamwogopi mtu.

Aprili 28, 1967 alikataa kuingia jeshini kwenda vita ya Vietnam. Alinyang'anywa mkanda na leseni, na mwezi Juni akahukumiwa miaka mitano jela na faini ya Dola 10,000. Alikata rufaa akabaki nje, lakini kwa miaka mitatu na nusu hakupigana. Mchezaji wa soka anajua maana ya kukosa uwanja kuanzia miaka 25 mpaka 28. Hiyo ndiyo miaka yenyewe. Miguu iliyokuwa ikimkwepesha ngumi za watu haikurudi ilivyokuwa.

Aliporudi mwaka 1970 alianza kupigwa kuliko zamani. Machi 8, 1971 alipoteza kwa pointi kwa Joe Frazier katika ukumbi wa Madison Square Garden, New York, raundi 15 za moto, akaangushwa chini raundi ya mwisho. Juni mwaka huo Mahakama Kuu ya Marekani ikafuta hukumu yake kwa kura 8 kwa 0. Mwaka 1973 Ken Norton akamvunja taya.

Kuna jambo moja mashabiki wake hawapendi kulisema. Frazier alimsaidia Ali wakati amefungiwa, akampa hela na kumpigia debe arudishiwe leseni. Ali alipopata nafasi alimlipa kwa matusi, akamwita sokwe na kibaraka wa Wazungu mbele ya kamera. Frazier aliishi na kidonda hicho karibu mpaka anakufa mwaka 2011. Ali alikuja kuomba radhi, ila maneno yalikuwa yameshakwenda mbali.

ALFAJIRI YA KINSHASA

Mwaka 1974 Zaire ilikuwa kwenye midomo ya watu wa michezo Afrika nzima. Machi ilichukua Kombe la Mataifa ya Afrika. Juni ikaenda Kombe la Dunia Ujerumani Magharibi na kurudi na aibu, ikiwemo kichapo cha 9-0 kutoka kwa Yugoslavia. Oktoba ikaandaa pambano ambalo dunia haijalisahau.

Rais Mobutu aliweka mezani Dola 5 milioni kwa kila bondia. Uwanja ulikuwa wa 20 Mei, huu unaoitwa leo Tata Raphaël. Mpinzani alikuwa George Foreman, miaka 25, mapambano 40 bila kupoteza, 37 kati ya hayo kwa KO. Frazier na Norton waliomtesa Ali, Foreman aliwamaliza wote ndani ya raundi mbili mbili. Ali alikuwa na miaka 32, na hata watu wa kambi yake walikuwa na hofu atatolewa kwa machela.

Wakongo walimchagua Ali mapema. Foreman alishuka na mbwa mkubwa wa aina ileile waliyotumia polisi wa Kibelgiji enzi za ukoloni, na hapo akawa amejifunga bao mwenyewe. Ali alitembea na watu, alikimbia mazoezi akifuatwa na watoto, na kila alipopita waliimba kwa Kilingala wakimtaka ammalize mwenzake.

Oktoba 30, kengele ililia kama saa 10 alfajiri kwa saa za Kinshasa, ili Wamarekani waone usiku wao. Singida ilikuwa ni saa 12 asubuhi. Kila mtu alitarajia Ali akimbie. Kuanzia raundi ya pili jamaa akaegemea kamba, akafunika uso kwa mikono na kumwacha Foreman apige tumbo, mbavu na mikono mpaka achoke. Katikati ya kipigo alikuwa akimnong'oneza Foreman kwamba ngumi zake ni nyepesi. Raundi ya nane Foreman alikuwa hoi. Ngumi kadhaa za haraka, moja ya kulia usoni, na mwamba akaporomoka.

Ndiyo siku iliyomfanya Ali kuwa wa Afrika moja kwa moja. Ndiyo siku pia iliyomfundisha jambo baya: kwamba anaweza kushinda kwa kukubali kupigwa. Mazoezini alishaanza tabia ya kuwaacha vijana wampige ili azoee. Mmoja wa vijana hao aliitwa Larry Holmes. Jina hilo litarudi.

PELÉ ALISTAAFU, ALI AKAENDELEA

Oktoba 1, 1975 alikutana na Frazier kwa mara ya tatu, mjini Manila, Ufilipino, kwenye joto kali. Baada ya raundi 14 kocha wa Frazier, Eddie Futch, aliona jicho la mtu wake limefunga kabisa, akamzuia asitoke kwa raundi ya mwisho. Frazier alikuwa anabisha. Futch alikataa. Ali alishinda, lakini alisema baadaye kwamba usiku ule ulimfikisha karibu na kifo kuliko siku nyingine yoyote.

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kuacha, na hakuacha.

Septemba 29, 1977 alicheza raundi 15 na Earnie Shavers, mtu aliyekuwa na ngumi nzito mno. Alishinda kwa pointi, ila alipigwa vibaya. Daktari wake wa kona, Ferdie Pacheco, alipata majibu ya vipimo yanayoonyesha figo zimeumia, akawapelekea wahusika wote na kutaka Ali astaafu. Hakujibiwa. Pacheco akafungasha virago na kuondoka kambini. Teddy Brenner, aliyekuwa akipanga mapambano ya Madison Square Garden, naye akatangaza kwamba ukumbi ule hautampa Ali pambano tena.

Siku mbili tu baada ya Shavers, Oktoba 1, Ali alikuwa New Jersey kumuaga mfalme mwenzake. Pelé alikuwa akicheza mechi ya mwisho, nusu ya kwanza akiwa na New York Cosmos, nusu ya pili na Santos yake. Alifunga kwa faulo, akalia, akabebwa juu kwa juu. Alikuwa hajatimiza miaka 37. Ali alimkumbatia pale uwanjani, watu wawili waliokuwa maarufu kuliko wote kwenye michezo. Mmoja alitoka akiwa anatembea vizuri. Mwingine alikuwa bado na mapambano manne mbele yake, na matatu kati ya hayo alipoteza.

Februari 1978 alipoteza mkanda kwa Leon Spinks, kijana mwenye mapambano saba tu ya kulipwa. Septemba akaurudisha, akawa bingwa mara ya tatu, na mwaka 1979 akatangaza kustaafu. Wakati huo waliomsikiliza kwa makini walishaanza kuona kwamba ule ulimi wa haraka umekuwa mzito.

DAR ES SALAAM, FEBRUARI 1980

Mwishoni mwa 1979 majeshi ya Umoja wa Kisovyeti yaliingia Afghanistan. Rais Jimmy Carter wa Marekani akataka dunia isusie Olimpiki ya Moscow ya 1980. Ili kuishawishi Afrika akamtumia mtu ambaye Afrika ingemfungulia mlango bila kuuliza. Ali alikuwa India kwa shughuli za hisani, akachukuliwa na ndege ya serikali ya Marekani na kituo cha kwanza kikawa Dar es Salaam.

Hesabu ya Washington ilikuwa rahisi: wanampenda, watamsikiliza. Nusu yake ilikuwa kweli. Hakuna aliyekuwa na ugomvi na Ali, yule wa Kinshasa, yule aliyekataa vita. Lakini Mwalimu Nyerere hakukubali kumpokea. Suala la nchi kwenda au kutokwenda Olimpiki lilikuwa la serikali kwa serikali, na kutumiwa bondia, hata awe mkubwa kiasi gani, halikuwa jambo la kupigiwa makofi. Ali aliishia kwa waziri wa vijana na utamaduni.

Kwa wanahabari ndiko kazi ilikokuwa. Hawakumrushia maua, walimrushia maswali. Mwaka 1976 Tanzania ilikuwa mstari wa mbele katika zaidi ya nchi 20 za Afrika zilizosusia Olimpiki ya Montreal, kwa sababu New Zealand ilipeleka timu ya raga kucheza Afrika Kusini ya makaburu. Filbert Bayi, aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 mwaka 1974, alibaki nyumbani siku John Walker wa New Zealand anachukua dhahabu. Wakati ule Marekani haikusimama na Afrika. Kwa nini sasa Afrika isimame na Marekani? Na hao Wasovyeti wanaosemwa ndio waliokuwa wakiwapa silaha wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika, wengi wao wakiwa na ofisi na kambi zao hapahapa Tanzania.

Ali hakuwa na majibu. Alipoulizwa kama anatumiwa na wakubwa alikasirika, akasema yeye si kibaraka wa mtu. Kisha akafanya jambo ambalo wajumbe wa serikali hawalifanyi. Alikiri hadharani kwamba mambo hayo hakuelezwa, na kwamba kama angeyajua pengine asingekubali safari. Alionyesha wazi kuhisi kwamba Carter amemtuma kwenda kupigwa.

Aliendelea na Kenya, ambayo tayari ilikuwa upande wa kususia, halafu Nigeria, Liberia na Senegal. Tanzania ilikwenda Moscow. Bayi akachukua medali ya fedha kwenye mita 3,000 kuruka viunzi na maji, Suleiman Nyambui akachukua fedha ya mita 5,000. Mpaka leo Tanzania haijapata medali nyingine ya Olimpiki.

Kwa Singida, uzito wa medali hizo hauhitaji kuelezwa sana. Alphonce Simbu, mtoto wa mkoa huu, alikimbia marathoni ya Olimpiki ya Rio miezi miwili baada ya Ali kufariki, akamaliza wa tano. Mwaka 2025 akawa bingwa wa dunia Tokyo. Dhahabu ya dunia anayo, ya Olimpiki bado inasakwa. Kama mapenzi kwa Ali yangeishinda akili ile Februari, taifa lingebaki bila hata hizo mbili.

Na yeye hakudharauliwa. Dar ilimchukulia kama mtu mzima anayeweza kuambiwa ukweli na akauelewa. Akauelewa kweli.

RAUNDI MOJA ZAIDI

Kule nyumbani hali ilikuwa tofauti. Mwaka huohuo wa 1980 zilikuja Dola 8 milioni za pambano na Larry Holmes, yule kijana wa mazoezi ambaye sasa alikuwa bingwa. Ali alikuwa na miaka 38. Kamisheni ya Nevada ilitaka apimwe, akapimwa katika kliniki ya Mayo. Ripoti ilionyesha kwamba akiambiwa aguse pua kwa kidole anakosea kidogo, na akiruka kwa mguu mmoja si mwepesi kama ilivyotarajiwa. Leseni alipewa.

Mashabiki walifurahi. Alikuwa amepunguza uzito, amepaka nywele rangi nyeusi, anaonekana kijana. Watu waliona Ali wa 1974. Wachache sana walikumbuka kwamba Pacheco aliondoka kwa sababu gani.

Oktoba 2, 1980, Las Vegas, hapakuwa na pambano. Holmes alishinda kila raundi kwa majaji wote. Ali hakuwa na kasi wala nguvu, alisimama tu anapigwa. Holmes mwenyewe alikuwa akimtazama mwamuzi kama anayeomba msaada, na baadaye akalia chumbani.

Baada ya raundi ya 10, kocha Angelo Dundee akasema basi. Drew Bundini Brown, mpambe wa Ali wa miaka yote, mtu aliyempenda kufa, akamshika Dundee nguo akiomba raundi moja zaidi. Dundee akamkatalia. Ndiyo mara pekee Ali alishindwa kabla ya kengele ya mwisho.

Bundini hakuwa adui. Hapo ndipo penye somo la pambano lile kwa shabiki yeyote. Aliyetaka Ali aendelee kupigwa ndiye aliyekuwa akimshangilia kwa sauti kubwa kuliko wote.

Desemba 11, 1981 wakamtafutia pambano jingine Nassau, Bahamas, dhidi ya Trevor Berbick. Maandalizi yalikuwa ya hovyo kiasi kwamba kengele iliyotumika ilikuwa ya kufunga ng'ombe shingoni. Alipoteza kwa pointi na hakupigana tena. Mapambano 61, ushindi 56, KO 37, vipigo vitano.

MIKONO ILIPOANZA KUTETEMEKA

Mwaka 1984 madaktari wa New York walimwambia ana dalili za ugonjwa wa Parkinson. Alikuwa na miaka 42. Ugonjwa huu unaharibu sehemu ya ubongo inayoongoza mwendo wa mwili: mikono inatetemeka, hatua zinakuwa fupi, uso unakauka, sauti inashuka. Madaktari hawakukubaliana wote kwamba ngumi peke yake ndizo zilizouleta, ila hakuna aliyebisha kwamba alipigwa kichwani mara nyingi mno.

Fikiria alichonyang'anywa. Miguu iliyocheza, mikono iliyoruka, na mdomo. Mtu aliyewatungia wapinzani mashairi sasa alinong'ona, na waliokaa naye ilibidi wasogeze sikio.

Aliyebeba mzigo mkubwa alikuwa Lonnie, mke wake wa nne. Alimfahamu tangu akiwa mtoto wa miaka sita, familia yake ilipokuwa jirani na wazazi wa Ali pale Louisville. Alipoona afya inazorota alihamia kuwa karibu naye ili amhudumie, wakaoana mwaka 1986, na hakumwacha mpaka mwisho. Sugar Ray naye aliishia kwenye ugonjwa wa kusahau, akafa Aprili 1989. Ali alikuwa mgonjwa lakini bado anatoka, bado anawafanyia watoto mazingaombwe ya leso inayopotea mkononi.

Mwaka 1990 alikwenda Baghdad akamwona Saddam Hussein, na Wamarekani 15 waliokuwa wameshikiliwa wakaachiwa. Safari hii alisafiri bila kutumwa na rais yeyote.

Julai 19, 1996, ufunguzi wa Olimpiki ya Atlanta, ilifichwa mpaka dakika ya mwisho nani atawasha mwenge. Muogeleaji Janet Evans alipofika juu, Ali akajitokeza kutoka gizani. Mkono wa kushoto ulikuwa ukitetemeka bila kusimama, wa kulia umeshika moto. Uwanja ulipiga ukelele, kisha watu wakaanza kulia. Alikuwa na miaka 54. Mtu maarufu mwenye hali ile angejifungia ndani ili akumbukwe alivyokuwa. Yeye alikubali kuonekana, na wagonjwa wengi wa Parkinson waliokuwa wakijificha waliona kwamba hakuna aibu.

Tangu siku hiyo mapenzi ya watu kwake yalibadilika. Hakuna aliyemtaka apigane au aongee. Alitokea, akakaa, akatazama, na watu wakasimama kumpigia makofi. Ilikuwa hivyo London mwaka 2012, alipokaribia kushindwa kusimama peke yake.

Alifia Scottsdale, Arizona. Juni 10, 2016 msafara wa maziko ulipita mitaa ya Louisville, ukapita mbele ya nyumba aliyokulia. Maelfu walijipanga barabarani, wakarusha maua juu ya gari mpaka kioo kikafunikwa na dereva akawa anapenya kwa shida. Mike Tyson na Lennox Lewis walikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza.

Wapo walioliona jina la Ali kwa mara ya kwanza kwenye habari za kifo chake, na leo wamo kwenye majukwaa ya Ligi Kuu wakitaka mchezaji anayechechemea arudishwe ndani dakika ya 70. Kwenye kona ya Ali kulikuwa na wawili waliompenda. Bundini aliomba raundi moja zaidi, Dundee akasimamisha pambano. Ali aliishi miaka 35 baada ya usiku ule, na miaka hiyo alipewa na aliyesema hapana.